Kuondoa yadi za magari katikati ya mji: njia ipi inafaa mji upi?

Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,000 kwenye kona ya barabara kuu, hatua chache kutoka ofisi za jiji. Kikiwa yadi ya magari yaliyotumika, kitabeba magari kama 40 ukihesabu na nafasi ya kupita, pamoja na kibanda cha karani, bendera za plastiki na wafanyakazi watatu au wanne. Ukijenga ghorofa nne kwenye asilimia 70 ya kiwanja hichohicho, utapata mita za mraba 700 za maduka chini, na juu yake makazi 24 ya mita 70 kila moja, hata ukishatoa ngazi na korido. Hesabu hii ndiyo huwa mkononi mwa diwani anaposimama kudai yadi ziondoke.

Hesabu yenyewe haina tatizo. Ila inalinganisha kiwanja kilichopo na jengo ambalo halijajengwa, na kati ya hivyo viwili huenda ikapita miaka kumi ya majani na taka. Nimesoma kumbukumbu za vikao vingi vya mabaraza kuhusu jambo hili. Mara nyingi mjadala mzima huwa ni jinsi ya kumwondoa mwenye yadi, na ni mara chache mtu huuliza nani yuko tayari kuingia akishaondoka. Ulinganisho huu umeanzia kwenye swali hilo la pili. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa sababu huko ndiko mabaraza, wenye yadi na mahakama wamelivutana jambo hili kwa muda mrefu hadi kila njia imeshaonyesha uzuri na ubaya wake.

Kwa nini yadi zimejaa pale

Yadi hukua pale ambapo ardhi ni ya bei ya chini na magari yanayopita ni mengi. Barabara kuu za zamani zilizoingia katikati ya miji zilikuwa na hoteli, vituo vya mafuta na maduka makubwa. Barabara za kasi zilipojengwa pembeni, wasafiri wakahama na biashara zikawafuata, yakabaki maeneo ya lami yasiyo na mtu. Tena mwaka 1988 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za matangi ya mafuta yaliyozikwa ardhini, ikawapa wenye vituo hadi Desemba 1998 kuyaboresha, kuyabadilisha au kuyafunga. Vituo vidogo vingi havikuona faida ya gharama hiyo. Kituo kilichofungwa kina lami tayari, taa tayari, kibanda tayari na kona nzuri: mtu wa kuuza magari hahitaji zaidi ya hapo.

Kwa mwenye ardhi, yadi ni mpangaji wa kupisha wakati. Inalipa kodi ya pango, haihitaji jengo, na inaweza kuondoka kwa taarifa ya mwezi mmoja siku mnunuzi wa kweli akitokea. Ndiyo maana namtofautisha sana mwenye ardhi na mwenye yadi. Wengi huwachanganya, kisha wanashangaa sheria waliyoipitisha inapomwumiza mpangaji na kumwacha mwenye kiwanja akisubiri vilevile bei ipande.

Jingine la kukumbuka: yadi za magari yaliyotumika si sawa na zile shorumu za kale za magari mapya. Mtaa wa Broadway mjini Oklahoma City, unaoitwa Automobile Alley, ulikuwa na shorumu za matofali za miaka ya 1920, na leo majengo hayo ni migahawa, ofisi na makazi. Pale kulikuwa na kitu cha kufufua. Yadi ya mitumba haina jengo la kufufua. Haina pia jengo la kubomoa, na hilo kwa mjenzi ni afadhali.

Kuzuia mpya na kuwaacha waliopo

Hii ndiyo njia ya kawaida. Baraza linabadilisha kanuni za matumizi ya ardhi, zile zinazougawa mji katika kanda, na kuandika kwamba katika kanda ya katikati ya mji biashara ya kuuza magari nje ya jengo hairuhusiwi. Uwezo wa mji kufanya hivyo haubishaniwi tena Marekani tangu mwaka 1926, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipokubali kanuni za kanda katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, dhidi ya kampuni ya Ambler Realty.

Yadi zilizokuwepo kabla ya sheria hubaki. Zinapewa haki ya aliyetangulia: ziendelee, lakini zisipanuke, na zikifungwa kwa muda fulani, mara nyingi miezi sita au mwaka, haki hiyo inakufa. Utekelezaji wake ni rahisi kwa sababu majimbo mengi, Michigan likiwa mojawapo, hayatoi leseni ya kuuza magari bila mji kuthibitisha kwamba eneo linaruhusu biashara hiyo. Karani wa jiji akikataa kugonga muhuri, leseni haitoki. Hakuna fidia wala kesi ya kutisha.

Sasa kasoro. Ukizuia mpya, zile zilizopo unazipa ukiritimba. Yadi iliyokuwa ikikaribia kufungwa inakuwa mali: ndiyo pekee yenye haki kwenye barabara ile. Mwenyewe akizeeka hafungi, anampisha mwingine, kwa sababu katika sehemu nyingi haki hiyo hufuata ardhi na si mtu. Baraza lililotaka yadi 15 zipungue linaweza kujikuta miaka 12 baadaye lina yadi 13, zote zimechakaa kwa sababu kanuni inawakataza kupanua na hivyo hakuna anayejihangaisha kuboresha.

Dawa yake ni ndogo na madiwani huisahau. Kifungu cha kufungwa kiandikwe kwa makini: ni nini hasa kinahesabika kuwa yadi imefungwa? Leseni ya jimbo kuisha? Kutokuuza gari kwa siku 180? Kifungu kikikaa kimya, mwenye ardhi ataacha magari mawili mabovu yamesimama pale na kusema biashara inaendelea.

Kuweka tarehe ya mwisho

Njia hii inawavutia wenye haraka. Mji unasema: ulikuwepo kabla ya sheria, tunakubali, lakini tunakupa miaka kadhaa urudishe mtaji wako, kisha ufunge. Hakuna fidia ya fedha, muda wenyewe ndio fidia.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Los Angeles dhidi ya Gage. Mwaka 1946 jiji lilitoa kanuni iliyowapa wenye biashara fulani katika kanda za makazi miaka mitano kuondoka, na mwaka 1954 mahakama ya rufaa ya California ikakubali kwamba muda huo ulitosha kwa mfanyabiashara wa vifaa vya mabomba. Miji mingi ikashika mfano huo. Lakini ukivuka mipaka ya jimbo sheria inageuka. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Pennsylvania, katika kesi iliyotoka Moon Township ambako duka lilipewa siku 90, ilisema njia hii yenyewe ni kinyume cha katiba ya jimbo, hata muda uwe mrefu kiasi gani.

Mfano unaonigusa zaidi, na nadhani utamgusa msomaji yeyote wa Kiswahili, ni wa Dallas. Hinga Mbogo, mhamiaji kutoka Kenya, alifungua gereji yake kwenye barabara ya Ross mwaka 1986. Ross ilikuwa barabara ya magari: gereji, yadi, vipuri. Mwaka 2005 jiji, likitaka maduka na makazi ya kisasa kati ya kitovu cha mji na vitongoji vilivyokuwa vinapanda thamani, lilibadilisha kanuni ili biashara za magari ziondoke kwenye barabara hiyo. Mbogo alibaki kwa vibali vya muda, akatafuta ruhusa tena na tena, na mwaka 2016 baraza likakataa kumwongezea. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Texas ikaamua upande wa jiji.

Kisheria jiji lilishinda. Kisiasa jambo halikuishia pale. Kesi ya Mbogo na nyingine za aina yake zilitumiwa na waliosema kwamba mji haupaswi kumfunga mtu aliyefuata sheria zote bila kumlipa, na mwaka 2023 bunge la Texas likapitisha sheria ya kuwalinda. Sasa mji wa Texas unaotaka kukomesha matumizi yaliyotangulia lazima uwape taarifa ya maandishi wenye mali na walio ndani yake, na anayeathirika ana haki ya kuchagua: alipwe, au aendelee na biashara hadi gharama zake zirudi. Kilichokuwa njia ya bure kikawa njia yenye bei.

Kwa hiyo kabla ya kuichagua njia hii, mwulize mwanasheria wa jiji swali moja: katika jimbo au nchi yetu, je, kumpa mtu muda kunahesabiwa kuwa fidia? Jibu likiwa hapana, funga ukurasa. Likiwa ndiyo, bado kuna suala la muda gani. Yadi ina mtaji mdogo usiohamishika, lami na kibanda tu, kwa hiyo hoja ya mji kwamba miaka mitatu inatosha ina nguvu kuliko ingekuwa kwa kiwanda. Lakini mtaji mkubwa wa muuza magari haupo kwenye lami. Upo kwa wateja wanaomjua na kwenye mikopo midogo aliyowakopesha, ambao wanakuja kulipa kila wiki kwenye kibanda kilekile.

Umbali na masharti

Hapa hufukuzi mtu. Unasema yadi mpya isikae karibu na nyingine kwa umbali fulani, au isizidi idadi fulani kwa kila kilomita ya barabara, au kila ombi lipitie kikao cha hadhara kabla ya kupewa kibali. Sambamba na hilo unaweka masharti ya sura: ukuta mfupi au ua wa mimea mbele, taa zinazoangalia chini, hakuna gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, hakuna matengenezo nje.

Masharti ya sura nayapenda kuliko watu wengi wanavyoyapenda. Nusu ya malalamiko dhidi ya yadi ukiyachambua si dhidi ya biashara ya magari. Ni dhidi ya lori la kubebea magari lililosimama katikati ya barabara likishusha mzigo, magari yaliyopandishwa kwenye njia ya miguu, taa kali usiku kwenye madirisha ya jirani, na magari yasiyotembea yaliyogeuka kisima cha vipuri. Haya yote yanatibika kwa masharti na mkaguzi mmoja anayefanya kazi yake. Mji usioweza kumlazimisha mwenye yadi kusogeza magari kutoka kwenye njia ya miguu hautaweza kumfunga.

Kanuni ya umbali ina tatizo lake, na linatokana na namna watu wanavyonunua magari ya mitumba. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alitumia soko hilihili kueleza kinachotokea pale muuzaji anapoijua mali na mnunuzi haijui, na mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo. Mnunuzi anayeogopa kuuziwa gari bovu hujilinda kwa kulinganisha: anatembea yadi tano asubuhi moja, anasikia bei tano, anafungua boneti tano. Yadi zikirundikana anafaidika. Ukizitawanya kwa kanuni ya umbali, unampunguzia nguvu mnunuzi na unaeneza yadi katika mitaa ambayo haikuwa nazo. Kwa hiyo kanuni hiyo iwe ya katikati ya mji tu, na ndani ya mpaka unaochorwa kwenye ramani.

Kibali cha kikao cha hadhara nacho kina mtego. Kinampa diwani nafasi ya kumkubalia huyu na kumkatalia yule kwa sababu zisizoandikwa popote. Vigezo vikiwa wazi, ni chombo kizuri. Visipokuwa wazi, wanasheria watakula.

Kununua, na kutwaa kwa nguvu

Kununua kwa hiari hakuna wa kukulaumu, ilimradi fedha ipo. Kutwaa kwa nguvu na kulipa fidia ndiko kwenye historia chungu.

Mwaka 1954, katika kesi ya Berman dhidi ya Parker, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mji mkuu, Washington, utwae duka ambalo lenyewe halikuwa bovu kwa sababu lilikuwa ndani ya eneo lililotangazwa kuwa bovu. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, mahakama hiyohiyo kwa kura 5 dhidi ya 4 iliuruhusu mji wa New London, Connecticut, kutwaa nyumba za watu akiwemo Susette Kelo ili eneo liendelezwe. Mji ulishinda kesi. Kisha mpango wa ujenzi ukaporomoka, kampuni ya Pfizer, ambayo kituo chake cha jirani ndicho kilichokuwa sababu ya matumaini yote, ikatangaza mwaka 2009 kwamba inaondoka, na ardhi iliyotwaliwa ikakaa tupu kwa miaka mingi. Baada ya uamuzi ule majimbo zaidi ya 40 yalibadilisha sheria zao za utwaaji, mengine yakikataza kabisa kutwaa kwa ajili ya maendeleo ya kiuchumi.

Ukiniuliza, New London ndio mfano ambao kila diwani mwenye hamu ya kufuta yadi angepaswa kuufikiria. Nyumba zilikuwepo, zikaondolewa, kisha hakuna. Kwa yadi ya magari hatari ni ileile, isipokuwa kwamba hakuna atakayeililia yadi, hivyo kosa litachukua muda zaidi kuonekana.

Kwenye ununuzi wowote, udongo upimwe kabla ya bei kutajwa. Yadi iliyowahi kuwa kituo cha mafuta au gereji inaweza kuwa na tangi lililosahaulika, mafuta machafu, viyeyusho vya kuoshea vipuri. Mji ukinunua bila kupima, umenunua na gharama ya kusafisha.

Kuwahamishia kwenye eneo lao

Mji unatenga ardhi pembeni, karibu na barabara ya kasi, unaweka barabara, taa na bango moja kubwa, kisha unawaalika wauzaji wote wahamie pamoja. Cerritos, California, ulifanya hivyo tangu mwaka 1979 na Cerritos Auto Square yake imekuwa mfano unaonukuliwa kila mahali. Mwaka unaeleza kitu. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Proposition 13 iliyofunga kodi ya majengo kwenye asilimia 1 ya thamani. Kodi ya majengo ikiwa imefungwa, miji ikageukia sehemu yake ya kodi ya mauzo, na hakuna bidhaa ya rejareja inayolipa kodi ya mauzo kama gari. Katika jimbo hilo sehemu ya mji, asilimia 1 ya bei, huenda mahali yadi ilipo. Ndiyo maana mji wa California hauzifukuzi yadi kwa furaha. Unazihamisha ndani ya mipaka yake na kuomba zisivuke kwenda kwa jirani.

Lakini tazama nani anayehamia huko. Ni mawakala wa magari mapya, wenye kampuni kubwa nyuma yao na uwezo wa kujenga shorumu ya kioo. Mtu mwenye magari 25 ya mtumba na kibanda hana uwezo wa pango la namna hiyo. Ukimwambia "tumekutengea nafasi" bila kumwambia atalipa kiasi gani, umemfukuza kwa lugha laini. Miji inayotaka njia hii ifanye kazi kwa yadi ndogo lazima itenge viwanja vidogo, vya lami tu, vyenye pango la kuhimilika.

Kodi ya ardhi

Nitasema kwa ufupi, maana si kila mji una ruhusa ya kisheria. Ukitoza ardhi kodi ya juu na majengo kodi ya chini, kiwanja chenye yadi kinalipa karibu sawa na kiwanja chenye ghorofa, na mwenye ardhi anaanza kufikiri. Pittsburgh ilitumia mfumo huo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hadi ilipouacha mwaka 2001 baada ya ghasia za kukadiria upya thamani za viwanja. Uzuri wake ni kwamba unambana mwenye ardhi, si mpangaji, na hauhitaji kutaja neno "yadi" popote. Ubaya wake ni kwamba makadirio ya thamani yakikosewa, wenye nyumba wataandamana kabla ya mwenye yadi.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa kasi, kutwaa na kuweka tarehe ya mwisho ndizo za kwanza, kuzuia mpya ni ya mwisho. Kwa gharama ya mji, mpangilio unageuka karibu kabisa: kuzuia mpya na masharti havidai chochote isipokuwa mshahara wa mkaguzi, kutwaa kunadai fedha nyingi, na tarehe ya mwisho inaonekana ya bure hadi kesi ya kwanza ifunguliwe. Kwa haki kwa mfanyabiashara mdogo, naweka ununuzi wa hiari juu na tarehe ya mwisho chini. Lakini vipimo hivi havitoshi bila kujua hali ya soko la ardhi katika mji wako, na hapo ndipo uchaguzi hasa ulipo.

Mji wenye wajenzi wanaogombania viwanja hauhitaji kufukuza mtu. Zuia yadi mpya, ruhusu ghorofa zaidi, punguza au futa masharti ya idadi ya maegesho kwa majengo mapya, kama Buffalo, New York, ilivyofanya mwaka 2017, na uwaache wenye ardhi wapige hesabu wenyewe. Yadi zitanunuliwa moja baada ya nyingine, na mwenye ardhi atamlipa mpangaji wake kidogo ili aondoke mapema. Kutumia tarehe ya mwisho hapa ni kununua kesi kwa kitu ambacho soko lingekupa.

Mji ambao kitovu chake kimelala, wenye viwanja vitupu pembeni mwa yadi, ndio ulio na kishawishi kikubwa na sababu ndogo. Viwanja vitupu vikiwa vinne kwenye barabara ileile na hakuna aliyekuja kuvijenga kwa miaka mitano, kufunga yadi kutakupa kiwanja kitupu cha tano, na kodi kidogo. Hapa ningechagua masharti ya sura na mkaguzi, kisha fedha zote zilizobaki ningezitia kwenye jengo moja la zamani lililo tayari kufufuliwa. Mtaalamu Joe Minicozzi aliwahi kulinganisha kodi ya majengo kwa kila ekari mjini Asheville, North Carolina: duka kubwa la Walmart pembeni mwa mji lilikuwa likilipa kama dola 6,500 kwa ekari, na jengo la zamani lililokarabatiwa katikati ya mji kama dola 634,000. Pengo hilo lilitokana na jengo lililofufuliwa. Yadi iliyofungwa peke yake haileti kitu.

Kati ya hizo mbili kuna mji wenye mjenzi mmoja wa kweli, mwenye mkataba na mkopo wa benki, anayetaka viwanja vitatu vya yadi vinavyopakana. Hapa ndipo mji unapaswa kufungua mkoba: nunua kwa hiari, lipia kuhama, msaidie kila mwenye yadi kupata leseni mahali papya kabla ya kufunga pale pa zamani ili asikae hata wiki bila kuuza. Mkataba na mjenzi uwe na kifungu kwamba ujenzi usipoanza ndani ya miaka miwili ardhi inarudi kwa mji.

Kusitisha vibali vipya kwa miezi sita au mwaka wakati mpango unaandikwa ni sawa katika hali zote tatu. Tatizo ni pale usitishaji unapoongezwa mara ya tatu na ya nne. Hapo umegeuka marufuku bila sheria, na mahakama huliona hilo.

Wateja wao

Mnunuzi ndiye hakuonekana kwenye kumbukumbu nilizosoma. Anayenunua gari kwenye yadi ndogo katikati ya mji mara nyingi ni mtu ambaye benki imemkatalia, anayelipa kidogokidogo kila wiki kwa muuzaji mwenyewe, kwa riba ambayo wewe na mimi tungeikimbia. Biashara hiyo ina uchafu wake na sitaitetea. Lakini mtu huyo alikwenda yadini kwa basi au kwa miguu, kwa sababu hana gari, na ndiyo sababu anakwenda kununua. Eneo jipya la magari pembeni mwa barabara ya kasi kwa kawaida halifikiki kwa miguu. Kwa hiyo kwenye ramani ya kuhamisha yadi, chora pia njia ya basi, na ratiba yake ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yake ya kununua.